Maji yanaingia, presha haipandi

Pete ya shangazi ilikatwa saa nane za usiku. Sista alianza na sabuni, ikagoma. Akaja na uzi wa kushonea, akauzungusha kidoleni kuanzia kwenye kiungo kurudi nyuma, ule ujanja wa bibi zetu, pete haikusogea. Ikabidi aitwe kijana wa matengenezo aliyekuwa zamu, akaja na koleo na macho ya usingizi. Kidole kilikuwa kimevimba kama ndizi mzuzu. Siku tatu nyuma mkono huohuo ulikuwa unapeta mchele, mkavu, mishipa imesimama juu ya ngozi, na sisi watoto wa nyumba tukimtania kwamba shangazi angefaa kufundishia wanafunzi wa uuguzi kutafuta mshipa.

Nilimfuata daktari wa zamu. "Dokta, mgonjwa amejaa maji mpaka kope hazifunguki, na bado mnamtundikia dripu?"

Hakukasirika. Alinionyesha namba kwenye mashine: 74 kwa 38. "Dada, hii ni sepsisi. Amejaa maji nje ya mishipa. Ndani ya mishipa amekauka. Namwekea, yanavuja. Nikiacha kabisa, presha inalala."

Mimi si mgeni wa mambo haya. Mwaka wa 11 huu niko maabara, upande wa benki ya damu, katika hospitali nyingine ya mkoa mwingine. Nachukua damu, naipima, naigawa, naigandisha, naitoa. Lakini nilikuwa naijua damu ikiwa nje ya mtu, ndani ya mfuko, imetulia. Mfuko wa plastiki hauvuji. Sikuwahi kujiuliza inakuwaje pale chombo chenyewe kilichobeba damu kinapougua.

Ugonjwa ulianza kwa homa na maumivu ya mgongo upande mmoja. Duka la dawa walimwambia UTI, wakampa vidonge vya siku tatu. Akaenda zahanati moja, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akachomwa sindano ya malaria hivyohivyo. Siku ya nne akaanza kuniita kwa jina la marehemu mama yangu na kupumua haraka kama aliyepanda mlima. Mkojo ulikuwa kijiko, wa rangi ya chai ya rangi. Hapo ndipo tulipokodi gari. Hospitalini nasema haki yao: ndani ya saa moja damu ya kuotesha bakteria maabara ilikuwa imechukuliwa na antibiotiki imeingia. Waliwahi wao. Sisi ndio tuliochelewa.

Mtaani sepsisi tunaiita "damu imeingia sumu" au "wadudu wamepanda kwenye damu". Jina la kwanza lina ukweli ndani yake. La pili linapotosha. Mwaka 2016 wataalamu wa wagonjwa mahututi walipoandika upya maana ya sepsisi hawakumweka mdudu katikati. Walisema ni viungo kufeli kwa kiwango cha kutishia uhai kwa sababu mwili umeyajibu maambukizi bila mpangilio. Kwa hiyo mtu anaweza kufa kwa sepsisi huku sahani ya maabara ikiwa tupu. Ya shangazi ilikuwa tupu. Vidonge vya duka la dawa pengine vilitosha kuwazuia bakteria wasiote kwetu maabara, havikutosha kuwazuia wasimuue. Nimetoa majibu ya namna hiyo mara nyingi, "hakuna kilichoota", na nakiri nilikuwa nadhani nimewapa watu habari njema.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2020 ilikadiria kwamba katika mwaka 2017 peke yake watu milioni 48.9 walipata sepsisi na milioni 11 wakafa, yaani karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano duniani. Afrika chini ya Sahara ni kati ya sehemu zilizobeba mzigo mkubwa kuliko zote. Kwenye vyeti vya vifo vyetu utaona nimonia, utaona uzazi, utaona malaria. Neno sepsisi halionekani sana, ila mara nyingi ndilo lililomaliza kazi.

Sasa nirudi kwenye maji, maana ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Nilizoea kufikiri mshipa ni bomba. Si kweli, au ni bomba ambalo upande wa ndani limetandazwa seli hai, safu moja tu, zimekaa bega kwa bega kama vigae vya bafuni. Kati ya kigae na kigae kuna viungio vinavyobana na kulegea kwa amri. Juu ya vigae kumeota kitu laini cha sukari na protini kiitwacho glaikokaliksi. Mtu wa pwani mwambie ni kama mwani juu ya mwamba, maji yanapita juu yake, mwamba wenyewe hauguswi. Mwani huo ndio unaozuia protini za damu zisitoke ovyo, na chembe za damu zisigande ukutani.

Sepsisi inapowaka, vimeng'enya vya mwili wenyewe vinaufyeka mwani. Vipande vyake vinaonekana vikielea kwenye damu na vinapimika. Vigae vinabaki wazi. Halafu linakuja la pili. Ndani ya kila kigae mna vifuko vyembamba vyenye umbo la sigara, vilivyoelezwa mwaka 1964 na Ewald Weibel na George Palade na bado vinaitwa kwa majina yao. Vimehifadhi vitu viwili vinavyonihusu hapa. Kimoja ni anjiopoietini-2, ambayo ikimwagika inazima ile ishara inayoviambia viungio vibane. Milango inalegea. Maji na albumini, ile protini ya damu, vinatoka, vinaingia kwenye nyama, kwenye mapafu, kwenye kidole chenye pete.

Cha pili ni faktari ya von Willebrand. Hii inatoka ikiwa nyuzi ndefu zenye kunata, na kazi yake halali ni kunasa chembe sahani, zile za kugandisha damu, pale unapojikata. Kwa mtu mzima mwenye afya kuna mkasi unaozikata nyuzi hizo ziwe fupi zisizo na madhara. Mkasi huo ni kimeng'enya chenye jina la kuchosha, ADAMTS13. Kwenye sepsisi kali mkasi unapungua wakati nyuzi zinazidi. Nyuzi zinabaki ndefu, zinanasa chembe sahani, vinatengenezwa vidonge vya damu iliyoganda visivyoonekana kwa macho ndani ya mishipa midogo ya figo, ya ini, ya vidole. Chembe sahani za shangazi siku ya pili hospitalini zilikuwa 41. Mtu mwenye afya huwa na 150 au zaidi. Miguuni akatoka madoa ya zambarau.

Yaani mishipa ileile inavuja na inaziba kwa wakati mmoja. Mpe fundi bomba yeyote tatizo hilo uone atakavyokutazama. Ukiongeza maji yanavuja zaidi. Ukiweka dawa ya kubana mishipa, hiyo noradrenalini aliyokuwa anadondoshewa shangazi kwa pampu, presha inapanda kidogo, ila kule kwenye mishipa midogo iliyoziba haifungui kitu.

Binamu yangu, bintiye shangazi, ni muuguzi Ujerumani. Alituma sauti kwenye WhatsApp asubuhi ile, nyuma yake nasikia treni. Hakulia. Aliuliza kikazi kabisa: kipimo cha noradrenalini, mkojo kiasi gani, lakteti. Mwisho akauliza: "Wamembadilishia plazma?" Yaani kuitoa kwa mashine sehemu ya majimaji ya damu yake na kumwekea ya watu wengine.

Nikajibu hapana. Hakuandika kitu kwa saa nne.

Shangazi alifariki siku ya tano, alasiri. Swali lile likabaki kati yetu wawili, hata siku za tanga, yeye akiwa kule kwenye simu na mimi jikoni kwenye masufuria. Alikuwa hakunilaumu kwa mdomo. Lakini mtu aliyefiwa na mama akiwa mbali, halafu akajua kuna mashine ambayo mama hakuwekewa, unajua tu anawaza nini. Ndipo nikaanza kusoma. Nilisoma kwa hasira mwanzoni, nikitafuta ushahidi kwamba tulinyimwa.

Wazo lenyewe mtu wa maabara analielewa kabla hajaelezwa. Zungusha damu kwenye sentrifuji, seli nyekundu zinazama, juu inabaki plazma ya rangi ya njano, zaidi kidogo ya nusu ya ujazo wote. Mashine ya kubadilishia plazma inafanya hivyohivyo huku mgonjwa ameunganishwa: damu inatoka kwa mpira mnene uliowekwa shingoni au kwenye nyonga, inatenganishwa kwa kuzungushwa au kwa kuchujwa, plazma yake inamwagwa, seli zinarudishwa zikiwa na plazma ya watu wengine. Mwaka 1914 John Abel na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, waliwatoa mbwa plazma na kuwarudishia seli, wakaupa utaratibu huo jina linalotumika hadi leo.

Ulipojulikana kuwa unaokoa watu ni kwenye ugonjwa mwingine, adimu, ambao Eli Moschcowitz wa New York aliueleza mwaka 1924 baada ya kifo cha binti wa miaka 16. Huko mkasi, ile ADAMTS13, unakosekana karibu kabisa, na zamani wagonjwa 9 katika 10 walikufa. Mwaka 1991 Wakanada walichapisha utafiti wa wagonjwa 102: waliobadilishiwa plazma, 78 katika 100 walikuwa hai baada ya miezi sita, waliotiwa plazma tu bila kutolewa ya kwao, 63. Kutoa na kuingiza kulishinda kuingiza tu. Ukishajua hilo, kuuhamishia utaratibu kwenye sepsisi ni hatua moja. Unatoa anjiopoietini-2, unatoa nyuzi ndefu, unatoa na ile michanganyiko ya uvimbe ambayo hakuna anayejua kuiorodhesha yote. Papo hapo unarudisha mkasi, unarudisha protini zinazozuia kuganda, unarudisha kila kitu kilichotumika kikaisha. Dawa nyingi za sepsisi zimelenga kitu kimoja na zikaanguka. Ile ya protini C iliyotengenezwa maabara, Xigris, ilianza kwa sifa kubwa mwaka 2001 na ikaondolewa sokoni mwaka 2011. Plazma hailengi kimoja. Nilipofika hapo niliona hasira yangu ina haki.

Kisha nikaingia kwenye namba. Huko Arkhangelsk, kaskazini ya Urusi, wagonjwa 106 wa sepsisi kali waligawanywa kwa bahati nasibu, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: waliobadilishiwa plazma walikufa asilimia 33.3 ndani ya siku 28, wengine asilimia 53.8. Tofauti kubwa. Lakini makundi mawili hayakulingana sawasawa tangu mwanzo, na tofauti nyingine za wagonjwa zilipoingizwa kwenye hesabu, nguvu ya matokeo ikapungua. Huko Hannover, Ujerumani, kundi la Sascha David lilichagua wagonjwa wa mshtuko wa sepsisi, yaani presha imeporomoka, ulio chini ya saa 24 na ambao noradrenalini imeshakuwa juu mno. Wakawabadilishia plazma mara moja tu. Utafiti wao wa 2022 ulikuwa na wagonjwa 40: waliobadilishiwa, noradrenalini yao ilishuka zaidi kuliko ya wenzao. Hiyo ni dalili kwamba mishipa ilianza kusikia tena. Kuhusu nani alipona na nani alikufa, watu 40 hawatoshi kukupa jibu, na wao wenyewe hawakudai. Chama cha Marekani cha wataalamu wa kazi hii kinaiweka sepsisi yenye kufeli kwa viungo kwenye daraja la tatu, maana yake nafasi yake haijathibitika, amua mgonjwa kwa mgonjwa.

Na ina gharama zake mwilini. Sitreti inayozuia damu isigande kwenye mashine inashusha kalsiamu, midomo inachonyota, moyo unaweza kuyumba. Plazma ya mtu mwingine inaweza kumletea mzio au kumharibia mapafu. Antibiotiki uliyoichoma asubuhi unaweza kuimwaga kwenye ndoo pamoja na plazma, usipopanga saa vizuri. Fikiria ufanye hivyo kwa mgonjwa ambaye antibiotiki ndiyo kitu pekee chenye uhakika ulichompa!

Kilichonigeuza lakini hakikuwa Ujerumani wala Urusi. Ni Muheza, mwendo mfupi kutoka Tanga mjini, nilikosomea mimi.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 hospitali ya Teule pale Muheza, ya Kilifi kule Kenya, na nne za Uganda ziliingiza watoto 3,141 kwenye utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland. Watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika. Swali lilikuwa rahisi mpaka wengine waliona halina haja ya kuulizwa: tukiwamiminia maji ya dripu kwa kasi, kama vitabu vinavyotaka, tutaokoa wangapi? Kila mtu alikuwa na jibu. Mtoto mikono baridi, presha dhaifu, mishipa mitupu, mjaze maji. Nani angebisha? Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda. Waliomiminiwa walikufa 10.5 katika 100 ndani ya saa 48, au 10.6 kama maji yalikuwa na albumini. Ambao hawakumiminiwa, 7.3. Tena walipochunguza vifo vyenyewe, vingi havikuwa vya maji kujaa mapafuni kama wengi walivyotarajia. Mzunguko wa damu ulianguka tu. Mwaka 2017 yakaja ya Lusaka, Zambia, watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini: waliotibiwa kwa mpango wa maji mengi na dawa za presha mapema walikufa asilimia 48.1, waliotibiwa kwa kawaida ya pale asilimia 33.

Nilisoma ya Muheza nimekaa kwenye kiti cha maabara na nikaisoma tena. Maelezo ya dripu yalikuwa mazuri kama haya ya plazma niliyokueleza hapo juu. Mazuri kuliko haya, pengine. Na madaktari wa Ulaya walikuwa wameyatumia miaka mingi bila kuyapima hivyo. Walioyapima ni manesi wa Teule na Soroti na Mbale, usiku, kwa watoto wa wakulima. Jambo hili sioni likisemwa vya kutosha kwetu. Tunajiona watu wa kungojea mashine zifike.

Nikamtumia binamu muhtasari wa yote, mrefu, na makosa ya kuandika. Alinipigia siku hiyohiyo. Akasema kwao ICU walimbadilishia plazma mzee mmoja mwezi uliopita, noradrenalini ikashuka vizuri usiku kucha, kila mtu akafurahi, na siku ya tisa akafa. "Nilitaka tu mama naye awe amejaribiwa," akasema. Hilo sikuwa na utafiti wa kulijibu.

Alikuja kwa arobaini. Baada ya dua akaomba aone ninapofanyia kazi, tukapanda basi la alfajiri.

Nilimfungulia friza ya plazma. Inatakiwa iwe baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, na umeme ukikatika mimi ndiye ninayekimbia kuangalia jenereta. Akavuta droo. Shangazi alikuwa na kilo 70. Kila kilo ina kama mililita 40 za plazma, kwa hiyo 2,800, kwa mzunguko mmoja. Tena mzunguko mmoja hautoi yote, maana unamwaga na kujaza kwa pamoja, kama kubadilisha maji ya ndoo huku bomba liko wazi. Unaondoa takriban asilimia 63. Mifuko yetu ni ya mililita 230 hivi. Binamu alikuwa ameshapiga hesabu kichwani, niliona midomo inacheza.

"Kumi na miwili," akasema. "Mama alikuwa B, sio?"

B anapokea plazma ya B au ya AB. Kwenye plazma mambo yamegeuka, AB ndiye anayempa kila mtu na O hampi mwingine isipokuwa O. Wachangiaji wetu wengi ni O. Akatafuta lebo. Ya B mifuko miwili. AB mmoja. Akasimama na mfuko wa AB mkononi, mgumu kama kigae, mpaka ukaanza kutoa ukungu wa baridi kwenye vidole vyake.

Simu ya leba ikalia. Mama amejifungua, damu haisimami, wanataka plazma, kundi A, minne. Nilikuwa nayo mitatu. Nikamwomba binamu anirudishie ule mfuko wa AB, nikaitumbukiza yote minne kwenye bafu la maji ya nyuzi 37, nikawasha saa.

"Inachukua muda gani?" akauliza.

"Nusu saa."

Akavuta kiti, akakaa pale kuiangalia ikiyeyuka.